Daftari Moja, Makarani Wawili: Ugumu wa Kuandika Programu za Nyuzi Nyingi

(Mada iliyowasilishwa kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, Migato, Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu)

 

Nilipoombwa nizungumzie nyuzi mbele ya watu wa Migato, nilicheka peke yangu. Mkoa huu unaongoza nchini kwa pamba, kwa hiyo uzi hamhitaji kuelezwa. Uzi wa kompyuta ni mfululizo wa maagizo unaotekelezwa moja baada ya jingine. Programu ya uzi mmoja ina karani mmoja. Ya nyuzi nyingi ina makarani kadhaa wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, na shida ni kwamba wote wanaandika kwenye daftari lile lile.

Tukae kwenye hilo daftari. Tangu msimu wa 2018, pamba inanunuliwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, na karibu kila mmoja wenu ameshasimama kwenye foleni ya mizani. Daftari linaonyesha jumla ya kilo 4,250. Karani wa kwanza amepima mzigo wa kilo 37, wa pili amepima wa kilo 52. Wote wawili wanachungulia daftari na kuona 4,250. Wa kwanza anajumlisha na kuandika 4,287. Wa pili, ambaye kichwani bado ana 4,250, anafuta na kuandika 4,302. Jumla halali ni 4,339. Kilo 37 za mkulima zimeyeyuka, na hakuna aliyeiba wala aliyekosea hesabu.

Ndivyo inavyokuwa kwenye kompyuta. Mnaandika mstari mmoja unaosema jumla iongezwe kilo, mkadhani ni tendo moja. Mashine inaugawa katika hatua tatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Katikati ya hatua hizo uzi mwingine unaweza kupenya.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kuhifadhi vipimo vya pamba. Nyumbani niliijaribu kwa simu moja, ikaenda vizuri wiki nzima. Siku ya soko zikatumika simu mbili kwenye mizani mbili, na jioni jumla ikapungua. Kesho yake ikawa sawa. Keshokutwa ikapungua tena, kwa kiasi tofauti. Nikaongeza mistari ya kuchapisha kila hatua ili nione kosa linapotokea, na kosa likatoweka! Uchapishaji ule ulikuwa unachelewesha uzi mmoja, basi makarani hawakukutana tena. Nilipoutoa, likarudi. Watu wakaanza kuwatazama makarani kwa jicho baya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana mwenye hatia nilikuwa mimi.

Kosa la kawaida hurudi kila ukiliita, lakini kosa la nyuzi hutegemea nani amewahi. Kupita majaribio mara elfu kunathibitisha tu kwamba mara elfu hizo nyuzi hazikugongana. Edward Lee, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika mwaka 2006 kuhusu programu ya kikundi chake mwenyewe. Ilikaguliwa na wenzao, ikajaribiwa kila mstari, ikatumika miaka minne bila malalamiko. Mwezi Aprili 2004 ikakwama. Kosa lilikuwemo muda wote huo.

Makosa ya namna hii yameshaleta madhara makubwa. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, watu wapatao milioni 50 wakabaki gizani. Kwenye chumba cha udhibiti cha kampuni moja ya umeme huko Ohio, mfumo wa tahadhari ulikuwa umenyamaza, kwa hiyo waendeshaji hawakujua kwamba laini zao zinazimika. Uchunguzi ukakuta sehemu mbili za programu ziligombania data ile ile. Mfumo huo ulikuwa umeshafanya kazi kwa jumla ya saa zaidi ya milioni tatu kwa wateja mbalimbali.

Kisa kinachonitisha kuliko vyote ni cha mashine ya mionzi iliyoitwa Therac-25. Kati ya 1985 na 1987, wagonjwa sita huko Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Kosa mojawapo, la kugongana kwa namna hii hii, lilijitokeza pale tu mhudumu aliporekebisha maelekezo kwa haraka, ndani ya sekunde nane hivi. Anayejifunza hakuweza kuliamsha, vidole vyake vilikuwa vizito mno. Lilimsubiri mhudumu azoee kazi. Mashine iliyotangulia ilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma vilivyokata mionzi hata programu ikikosea, lakini kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, kwa imani kwamba programu inatosha.

Mtaniuliza, si tuweke kufuli? Ndiyo, kufuli zipo, na mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alishaeleza msingi wake mwaka 1965: mmoja akishika daftari, mwenzake angoje. Ila kufuli zina balaa lake. Chukulia karani wa kwanza ameshika mizani anasubiri daftari, wa pili ameshika daftari anasubiri mizani. Kila mmoja anamngoja mwenzake kwa adabu zote, na foleni ya wakulima inachomwa na jua. Huo ndio mkwamo. Dawa yake ni mpangilio: kila mtu ashike mizani kwanza, kisha daftari, bila kubadilisha. Vivyo hivyo, programu ikihamisha fedha kati ya akaunti mbili, funga kwanza yenye namba ndogo. Ni rahisi kusema. Kwenye programu ya mistari laki moja, iliyoandikwa na watu kumi ambao wanne wameshahama, hakuna anayejua nani anashika nini kwanza.

Kuna pia jambo la vikaratasi. Karani mwenye haraka huandika vipimo kwenye kikaratasi mfukoni, akipata nafasi ndipo anavihamishia daftarini. Prosesa za leo hufanya hivyo hivyo: kila kiini ndani ya prosesa kina hifadhi yake ya karibu, na ulichoandika wewe huenda mwenzako hajakiona, au akakiona kwa mpangilio tofauti. Hata lugha ya kuandikia programu ya Java, iliyotoka na nyuzi ndani yake tangu miaka ya 1990, kanuni zake za jambo hili zilikuwa na kasoro hadi ziliporekebishwa mwaka 2004. Ikiwa walioitunga walijikwaa, msione aibu ninyi kujikwaa.

Mimi nilipona vipi? Niliacha kuhifadhi jumla. Kila kipimo sasa kinaingia kama mstari wake, chenye namba ya stakabadhi isiyojirudia, na mstari ukishaandikwa haufutwi. Jumla inakokotolewa mtu anapoihitaji. Namba ile ilitatua pia shida ya mtandao wa huku kwetu: simu ikituma mara mbili kwa sababu jibu limechelewa, mstari wa pili unakataliwa. Kisha nikauachia uzi mmoja daftari lote, nyuzi nyingine zinautumia ujumbe tu. Wazo hilo ni la zamani. Wahandisi wa kampuni ya Ericsson walianza kulijengea lugha yao ya Erlang mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu, na WhatsApp ikaja kujengwa juu yake.

Wazee waliopo hapa wana somo lao pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya kiongozi wa ushirika Paul Bomani na wenzake kuunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, wakulima wa kanda hii waliweka watu wao wa kukagua mizani ya wanunuzi. Mzigo ule ule, jicho la pili. Programu yangu sasa ina mkaguzi wa namna hiyo: kila usiku analinganisha kilo za stakabadhi na kilo zilizotoka ghalani, na zikitofautiana anapiga kelele asubuhi, kabla mtu hajamshuku karani.

Baada ya chakula tutakaa wawili wawili. Kila kundi liandike programu ya nyuzi mbili, kila uzi uongeze moja kwenye namba ile ile mara milioni moja, bila kufuli. Iendesheni mara kumi, na kila jibu mliandike ubaoni.