TUJITENGENEZEE VINARA VYA TAA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli na wa mashamba ya chai, Kericho



Sisi wa reli wa upande wa Londiani, Kipkelion na Fort Ternan tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linamaliza fedha zetu: taa za sherehe.

Zamani harusi ilitosheka na karabai moja iliyotundikwa mtini. Siku hizi, tangu Litein mpaka Sotik na Bomet, koito, harusi na changizo hutaka taa za urembo: moja ya kumulika ukuta kutoka chini, nyingine ya keki, nyingine ya jukwaa. Katika mkesha wa matanga taa humulika picha ya marehemu. Hatusemi ni vibaya. Mtu aliyechuma majani katika mvua tangu asubuhi ana haki ya kumwona mwanawe amependeza usiku mmoja.

Lakini taa ndogo ya LED yaweza kununuliwa mara moja ikakaa miaka. Tunachokodi kila mara ni kinara cha kuisimamisha, na mara nyingi ni mti mwembamba tu usio na miguu ya maana. Katika harusi moja tuliona kinara cha kukodi kikianguka karibu na mtoto aliyelala. Taa ilikuwa ya aina ya zamani yenye moto mkali, ikaunguza blanketi. Mtoto alipona. Je, tungoje hata asipone?

Sisi wa reli twajua habari ya kusimama imara. Njia yetu ilifika Kisumu mwaka 1901, na upana wake kati ya chuma na chuma ni mita 1 tu. Behewa halianguki, kwa sababu uzito umekaa chini. Lililopakiwa vizito juu ndilo hupinduka kwenye kona. Kinara nacho ni vivyo hivyo.

Basi, kazi yenyewe ni hii. Chagueni mbao kavu za saiprasi, kwa kuwa ni nyepesi na hunyoka. Mkalitusi unaopandwa kuwa kuni za viwanda vya chai ni mgumu, lakini ukitumiwa mbichi hupinda na kupasuka unapokauka.

Kwanza, miguu. Kateni mbao mbili za inchi 3 kwa 2, kila moja futi 3. Katikati ya kila moja chongeni pengo la nusu ya unene wake, zipate kulaliana kama msalaba bila kuyumba. Tieni gundi na skrubu.

Pili, sanduku. Katikati ya msalaba simamisheni vibao vinne vya inchi 10, vifanye tundu la kuingiza nguzo. Vikazeni kwa skrubu, si kwa misumari, maana msumari hulegea kwa kubebwa kila wiki.

Tatu, nguzo. Inchi 2 kwa 2, urefu futi 5. Itumbukizeni katika sanduku, toboeni kwa keekee, mpitishe bolti moja yenye nati ya masikio inayofunguliwa kwa vidole. Hivyo vinara sita vitaingia katika gari pamoja na viti.

Kisha wekeni mfuko wa mchanga wa kilo 10 juu ya miguu. Sukumeni ncha ya nguzo mpaka iiname shibiri moja, halafu mwachilie. Ikirudi yenyewe, kinara ni kizuri. Isiporudi, ongezeni mchanga.

Waya ufungwe kwenye nguzo mpaka chini, ili mtu akiukwaa avute mguu wa kinara, asivute kichwa. Taa ya zamani inayochoma iwekewe bati kati yake na mbao. Nasi tunaishi katika nchi ya mvua: maungio ya waya yasilale katika majani. Yawe juu, chini ya paa. Umeme wa volti 240 hauheshimu harusi.

Neno moja zaidi kwa wanaokaa karibu na njia ya reli. Msielekeze taa nyekundu wala ya kijani upande wa njia. Dereva akiona nyekundu gizani, kwake ni amri ya kusimama. Na kijani ni ruhusa ya kwenda. Urembo wenu usije ukampa amri ambayo hakuna aliyeitoa. Karibu na reli tumieni taa nyeupe, tena igeuzieni mgongo njia.

Ndugu, tunatoa shauri hili. Kila tawi litengeneze vinara sita. Mafundi tunao, wa karakana ya reli na wa viwanda vya chai. Vikae katika ofisi ya tawi, na mwandishi awe na daftari: nani amechukua, lini, na bolti ngapi. Mwanachama asitozwe kodi. Akipoteza bolti, anunue nyingine. Penye msiba vitolewe kwanza, harusi ingoje.

Wachuma chai wanaona mashine zikiingia mashambani, na hakuna ajuaye kazi yake itakaa mpaka lini. Wakati kama huu shilingi iliyobaki nyumbani ni karo ya mtoto. Tusiilipe kwa mti ambao sisi wenyewe twaweza kuuchonga kwa siku moja ya mapumziko.

Tunaomba shauri hili lipigiwe kura leo. Umoja ni nguvu.