Ndugu Aliye Kando ya Kitanda

Hotuba kwa wauguzi na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia



Nimeombwa niseme juu ya wagonjwa ambao moyo wao umedhoofu hata hauwezi kusukuma damu ipasavyo. Mimi nitasema zaidi juu ya mtu asiye na faili wala namba ya kitanda, yaani ndugu anayemwuguza mgonjwa huyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika wodi ya wanaume. Akaletwa mzee mmoja tuliyekuwa tumemruhusu majuma matatu kabla. Miguu imevimba hadi mapajani, hawezi kupumua ila ameketi. Nilimgeukia binti yake, nikamkemea mbele ya watu: “Dawa hukumpa?” Akajibu kwa upole: “Nampa ya asubuhi, sista. Ya usiku niliiacha.” Dawa ile ni ya kutoa maji mwilini. Sisi tuliandika mara mbili kwa siku, naye akaelewa asubuhi na usiku. Kila usiku baba aliamka mara tano au sita kwenda haja ndogo. Choo kiko nje, na wa kumwinua ni binti peke yake. Alikwisha kuanguka mara mbili. Binti akachagua baba asianguke. Hakuna aliyemwambia kwamba dozi ya pili ingeweza kutolewa saa nane mchana, usiku wakapata kulala. Aliyepaswa kumwambia ni mimi.

Tujichunguze jinsi tunavyowatazama watu hawa. Saa ya kuogesha na kulisha tunawaita, maana mikono yetu haitoshi. Saa ya daktari kupita vitandani tunawatoa nje. Hivyo yule atakayeifanya kazi yote nyumbani ndiye asiyesikia neno. Akiuliza sana, twasema ni msumbufu. Asipouliza, twasema hajali. Najua mtanijibu kwamba usiku muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima. Ni kweli, na wenye hospitali hawana budi kuambiwa hivyo bila woga. Lakini uchache wetu haukumlazimisha mtu kukemea.

Tusidhani pia kwamba huu ni ugonjwa wa wazee tu. Utafiti uliofanywa kati ya 2007 na 2010 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, uliwaangalia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa udhaifu wa moyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu. Katika umri huo mtu bado analima, bado analipa ada za watoto. Akilala yeye, kipato kinakatika, na anayebaki kumwuguza mara nyingi ni mke, au binti aliyeachishwa masomo.

Basi kabla mgonjwa hajaruhusiwa, mketishe ndugu yake na umfundishe. Usimwambie tu “punguza chumvi”. Mwulize anapika nini. Wengi huacha chumvi ya mezani lakini mboga na maharage huyatia magadi, nayo magadi pia yana sodiamu nyingi. Na kitoweo ni ng’onda. Mwonyeshe kubonyeza muundi kwa kidole aone kama pamebaki shimo. Ahesabu mito: aliyelalia mmoja akitaka mitatu, hali imebadilika. Penye mzani, mgonjwa apimwe kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya kula. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, asingoje tarehe ya kliniki. Kisha mwambie akueleze tena kwa maneno yake mwenyewe.

Baada ya hayo yako maswali ambayo mimi nilichelewa sana kuyauliza: Wewe unalala? Nani anakupokea? Biashara yako ya sokoni imekuwaje? Yule binti nilipomwuliza alilia, akasema tangu Pasaka hajawahi kwenda hata kanisani.

Hapa jumuiya ndogo ndogo zinahusika. Tangu 1993 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe 11 Februari. Tunapeleka sabuni na matunda wodini. Sikumbuki tukimpelekea kitu yule aliyelala sakafuni kando ya kitanda. Msamaria mwema, alipomwacha majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, alimpa dinari mbili na ahadi ya kurudi kulipa gharama itakayozidi. Sisi twamkabidhi binti mgonjwa pamoja na karatasi ya dawa, basi.

Mchana huu tutakaa kwa makundi. Wauguzi wa kila wodi waseme ni nani, na saa ngapi, atakayezungumza na ndugu kabla mgonjwa hajaondoka. Wajumbe wa parokia walete majina ya nyumba zenye mgonjwa wa moyo, na ya watu walio tayari kukesha huko usiku mmoja kwa juma.