Kazi Ilipohamia Nyumbani, na Nyumba Ilipohamia Kazini



Jambo lililochaguliwa kuwa mazungumzo ya leo ni kazi, yaani namna watu wanavyoendelea kutafuta riziki zao siku ambazo njia za mji zimefungwa na saa za kazi zilizozoeleka haziwezi kufuatwa tena. Mfano uliochukuliwa ni mji wa Kampala katika mwaka 2020. Umechukuliwa huo kwa sababu wengi waliohudhuria hapa waliyaona mambo yale kwa macho yao, na msemaji akikosea wataweza kumsahihisha.

Tarehe 18 Machi 2020 Serikali ya Uganda ilikataza mikusanyiko, ya ibada na ya mengineyo. Tarehe 20 shule zikafungwa. Na tarehe 21 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona. Hazikupita siku nyingi teksi na mabasi yakazuiwa kuchukua abiria, na bodaboda wakaachiwa kubeba mizigo tu. Tarehe 30 magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, na ikawekwa amri ya kutotoka nje tangu saa 1 jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi. Mambo yote hayo yalitokea katika muda wa siku kumi na mbili.

Ajuaye Kampala hahitaji kuelezwa maana yake. Mji ule umejengwa juu ya vilima, na wafanyakazi wake aghalabu hawakai katikati ya mji. Wanakaa Nansana, Kawempe, Kireka, Bweyogerere, na wengine mbali zaidi hata Mukono, na kila alfajiri huteremshwa na teksi katika viwanja vyake. Teksi ziliposimama, barabara ya Jinja na ile ya Bombo zilijaa waendao kwa miguu, wengine wameshika viatu mkononi. Baiskeli, ambayo vijana wa mjini walikuwa wameidharau kwa miaka mingi, ikapata heshima yake tena. Lakini mtu hawezi kwenda kwa miguu maili kumi asubuhi, akafanya kazi, akarudi maili kumi kabla ya saa 1 jioni, na kesho yake akafanya vivyo hivyo. Hapana budi kazi na mtu vikutane mahali pamoja kwa njia nyingine.

Njia zilizopatikana zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuichukua kazi na kuipeleka nyumbani. Ya pili, ambayo haizungumzwi sana katika magazeti ya ulimwengu, ni kuichukua nyumba na kuipeleka kazini.

Njia ya pili ndiyo iliyoulisha mji. Serikali iliagiza kwamba wauza vyakula sokoni wasirudi makwao kwa muda wa siku 14, bali walale palepale sokoni, ili wasiuchukue ugonjwa kuupeleka majumbani wala kuutoa majumbani kuuleta sokoni. Viwanda navyo viliambiwa viwaweke wafanyakazi wao wa lazima kambini karibu na mitambo, na kisichoweza kufanya hivyo kisimamishe kazi. Basi akina mama wa soko la Nakasero na masoko mengine wakatandika mikeka kati ya meza za nyanya na mafungu ya matoke, wakatundika vyandarua, na mchana ulipoingia wakauza kama kawaida. Wengine walikaa zaidi ya zile siku 14, maana amri iliongezwa. Watu walipokuwa wakisifu akili ya kufanya kazi mbali na ofisi, chakula walichokula wakati wa kusifu kilitoka mkononi mwa mwanamke aliyekuwa mbali na watoto wake.

Kulikuwa na kundi la tatu, nalo halikuwa na njia yoyote: kinyozi, fundi wa nguo mwenye cherehani ya kukodi, mchuuzi wa mitumba, utingo wa teksi, mwalimu wa shule ya binafsi. Hao wengi wao waliingojea serikali iwagawie posho kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu, mgawo ulioanza Kampala na Wakiso mwezi wa Aprili.

Yafaa hesabu moja itajwe hapa, ili mtu asidhani kwamba kufanya kazi nyumbani ni jambo la kila mwenye bidii. Wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Jonathan Dingel na Brent Neiman, walikadiria mwaka 2020 kwamba huko Marekani kazi 37 katika kila 100 zaweza kufanywa zote nyumbani. Tena walionyesha kwamba kadiri pato la nchi linavyopungua, ndivyo na hesabu hiyo inavyopungua. Ikiwa katika nchi yenye umeme na nafasi ya kutosha ni kazi 37, mtu na ajikadirie mwenyewe ni ngapi katika mtaa wa Bwaise.

Tugeukie njia ya kwanza. Karani, mhasibu, mwandishi wa magazeti, ofisa wa shirika, hao walipewa kompyuta wakaambiwa waende nazo nyumbani. Lakini nyumbani ni wapi? Watu wengi wa Kampala wanapanga chumba kimoja, kile kinachoitwa muzigo kwa Kiganda, na pazia ndilo linalogawanya chumba cha kulala na sebule. Humo ndimo mhasibu alimotakiwa afunge hesabu za mwezi, na shule zimefungwa, na watoto wanne wamo ndani, na jirani amefungulia redio masomo ya darasa la saba. Shule za Uganda hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili kamili. Kwa hiyo mzazi aliyefanyia kazi nyumbani alifanya pia kazi ya mwalimu pasipo mshahara, na aghalabu mzazi huyo alikuwa mama.

Kisha gharama. Ofisini umeme na intaneti hulipwa na tajiri. Nyumbani anayelipa ni nani? Siku zile ilikuwapo bado kodi ya mitandao ya jamii, iliyoanza Julai 2018, ya shilingi 200 kila siku kabla mtu hajafungua WhatsApp. (Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, ikawekwa badala yake ushuru wa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti, mnunuzi wa vifurushi ndiye ajuaye kama alipata nafuu.) Shilingi 200 si fedha nyingi kwa mkubwa wa ofisi. Kwa tarishi au karani mdogo, ikijumlishwa na kifurushi chenyewe na kuchaji simu, ni sehemu ya mshahara ambayo haikuwa imepatanwa alipoajiriwa. Mambo haya yangepasa kusemwa wazi siku ya kwanza. Katika ofisi nyingi hayakusemwa kabisa.

Matajiri nao walikuwa na hofu yao, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Asiyemwona mfanyakazi wake hujiuliza kama kazi inafanyika. Juu ya swali hili uko ushahidi mzuri kutoka Uchina. Kampuni ya usafiri iitwayo Ctrip, ya mji wa Shanghai, iliwachukua wafanyakazi wake wa kupokea simu waliojitolea, wapata 250, ikawagawa kwa bahati nasibu: wengine wakafanyia kazi nyumbani siku nne za juma, wengine wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa, mwaka 2011, wale wa nyumbani walionekana wamezidisha kazi kwa asilimia 13, hasa kwa sababu ya kupunguza mapumziko na siku za ugonjwa, na walioacha kazi miongoni mwao walikuwa kiasi cha nusu tu ya wale wa ofisini. Matokeo hayo yalitangazwa na Nicholas Bloom na wenzake, na yamenukuliwa mahali pengi.

Lakini yanaponukuliwa huachwa mambo mawili. Kwanza, aliyekubaliwa kuingia katika jaribio lile ilimlazimu awe na chumba cha peke yake cha kufanyia kazi na intaneti ya kutosha. Pili, jaribio lilipokwisha na kila mtu akaachiwa achague, karibu nusu ya wale wa nyumbani waliomba kurudi ofisini, kwa sababu ya upweke. Na waliobaki nyumbani walipandishwa vyeo kwa uchache kuliko kazi yao ilivyostahili, kama kwamba wamesahauliwa. Karani wa Kampala asiyeonekana na mkubwa wake kwa miezi mitatu alikuwa na haki ya kuliogopa jambo hilo.

Ama kuhusu saa, watu wengi hudhani kwamba saa za kuchagua ni jambo la jana. Kiwanda cha ndege cha Messerschmitt-Bölkow huko Ottobrunn, karibu na Munich katika Ujerumani, kiliwaruhusu wafanyakazi wake kuchagua saa ya kuingia na ya kutoka tangu mwaka 1967. Sababu haikuwa hisani wala nadharia ya wasomi; ilikuwa ni msongamano wa magari. Watu wote waliingia kwa saa moja na kutoka kwa saa moja, na barabara haikuwachukua. Palipowekwa saa za kati ambazo kila mmoja hana budi awepo, na kando zake zikaachwa huru, msongamano ukapungua. Kampala, ambayo foleni zake za jioni ni mashuhuri hata siku za amani, ingeweza kulijaribu jambo hilo bila kungojea maradhi.

Katika mwaka 2020 saa zilipinduliwa kwa nguvu. Kazi zote za nje ilibidi zikome mapema ili mtu awahi saa 1 jioni. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, na jua la Kampala siku zile huchwa kabla kidogo ya saa 1. Hivyo aliyechelewa njiani alipatwa na magharibi na amri ya usiku kwa wakati mmoja, na tende mfukoni. Waliofanyia kazi nyumbani walikuwa na nafuu. Yule aliyeachiwa saa zake aliweza kufanya hesabu baada ya daku, wakati watoto wamelala na chumba kimetulia, akapumzika adhuhuri. Aliyefungwa na saa za ofisi, akitakiwa aonekane kwenye kioo cha kompyuta tangu saa 2 hadi saa 11, hakupata faida yoyote ya kuwa nyumbani. Alipata tabu za mahali pawili.

Tena kuna hatari ambayo haikuonekana mapema. Saa zikiachiliwa bila mpaka, huelekea upande wa mwenye nguvu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka kazi ya juma isizidi saa 48 kwa kawaida, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mkubwa anapoandika ujumbe saa 4 usiku akitaka jibu, na mfanyakazi akajibu kwa kuogopa, je, hiyo ni saa ya ziada? Hakuna aliyeiandika katika daftari. Zamani kengele ya kiwanda iliwachosha watu, lakini ilipolia jioni tajiri naye aliisikia.

La mwisho ni juu ya kamba yenyewe inayoshika kazi hizi zote. Usiku wa tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini Uganda, isirudi mpaka tarehe 18. Miaka mitano kabla yake, siku ya uchaguzi wa Februari 2016, hata kutuma pesa kwa simu kulizuiwa. Ofisi zilizokuwa zimejisifu kwamba hazihitaji tena jengo zikajikuta hazina jengo wala waya. Waliosalimika ni wale waliokuwa wameweka namba za simu za wateja katika daftari la karatasi, na fedha kidogo taslimu, na mapatano kwamba mawasiliano yakikatika kila mtu afanye kazi fulani mpaka yarudi.

Wachuuzi walikuwa wameshajifunza mapema. Mwezi wa Mei 2020 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na kampuni ya Jumia waliwasaidia wauzaji wa masoko kadhaa ya Kampala, Nakasero na Nakawa yakiwamo, kuuza kwa njia ya mtandao, na bodaboda akapeleka. Lakini hata pasipo shirika, muuza ndizi mwenye namba thelathini za wateja wake alipigiwa simu asubuhi, akafunga mzigo, akamkabidhi bodaboda, akapokea fedha kwa simu. Alichohitaji ni simu ya kawaida, orodha, na mpanda pikipiki mwaminifu.

Mji ulifungwa tena Juni 2021, siku 42. Safari hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujua. Hata hivyo nani alipe kifurushi, saa ya mwisho ya kumpigia mfanyakazi simu ni ipi, na yule ambaye kazi yake haihamishiki, kama fundi wa nguo na msaidizi wa duka, apewe sehemu gani ya mshahara wake mpaka njia zifunguliwe, haya yaliachwa tena bila kuandikwa katika maduka na ofisi nyingi. Wanachama wenye kuajiri wamo humu ukumbini, na walioajiriwa nao pia wamo. Muda uliobaki kabla ya adhana umewekwa kwa ajili ya maswali, na ingefaa maswali hayo matatu yaanze.