Fedha ya Nyumbani Isemwe Nyumbani

(Mada iliyotolewa na Kamati ya Elimu ya kikundi katika mkutano wa maadhimisho ya miaka kumi)



Kamati yetu imepewa nafasi ya kuzungumzia fedha na malezi katika familia. Sifa za kikundi zimeshasemwa na Katibu kwenye risala, hatutazirudia. Sisi tutasema jambo moja ambalo kwa miaka hii kumi tumeliona likijenga nyumba, na pale lilipokosekana tumeona nyumba zikibomoka. Jambo lenyewe ni hili: fedha ya nyumbani isemwe nyumbani.

Tuanze na sanduku letu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu wa nyumba tatu tofauti. Kila mkutano fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na kiasi kinatajwa kwa sauti ili kila mmoja akikumbuke. Hakuna anayenung'unika kwamba haaminiwi. Kumbe ndiyo maana tunaaminiana! Lakini tukitoka hapa na kurudi majumbani, mambo yanageuka. Mama ana deni ambalo baba halijui. Baba ana deni ambalo mama halijui. Watoto nao wanashtukia asubuhi vyombo vinabebwa, kitanda kinatolewa mlangoni, na majirani wamesimama kutazama.

Jamani, hayo hatukuyasoma gazetini. Yametokea katika mitaa yetu hii.

Mkopo wa kausha damu

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi harusi yenyewe imekuwa rahisi mno. Unabonyeza simu, hela imeingia. Au anakuja mtu na karatasi, unaweka sahihi, unampa kadi yako ya benki na namba ya siri, basi. Mikopo ya namna hii watu wameipa jina lake, kausha damu, na jina limeifaa.

Tuchukue mfano. Mwanachama anakopa sh. 300,000 katika kikundi kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Riba yote ni sh. 45,000. Kila mwezi analeta sh. 115,000, na baada ya miezi mitatu hana deni. Tena ile sh. 45,000 haijapotea, imo sandukuni, siku ya kugawana itarudi kwetu sote pamoja na yeye mwenyewe.

Sasa mwingine akope sh. 300,000 hizo hizo mtaani kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwezi riba peke yake ni sh. 90,000. Akilipa riba tu kwa miezi mitatu, atakuwa ametoa sh. 270,000, na bado anadaiwa sh. 300,000 zile zile kama alivyoanza. Hapo ndipo anapokopa kwingine ili alipe huku. Deni la pili linakuwa siri ya kuficha la kwanza, na la tatu linaficha la pili.

Kwa hiyo kabla ya kukopa popote, tujiulize maswali manne:

1. Nakopa kwa ajili ya nini hasa?
2. Nitarudisha kwa hela ipi, na inaingia lini?
3. Nikiugua mwezi mmoja, nani atalipa?
4. Nani nyumbani kwangu anajua?

Tukishindwa kujibu swali la nne, tusiweke sahihi. Tusiweke sahihi pia kwenye karatasi yenye nafasi zisizojazwa, tusimwachie mtu kadi ya benki wala namba ya siri, na tudai nakala ya mkataba. Vilevile tuulize leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na vikundi kama chetu vinatakiwa kuandikishwa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Maana yake ni kwamba si kila kinachotokea kwenye simu kina baraka za serikali.

Kutaja si kukabidhi

Tunajua baadhi yenu mnasema moyoni: "Nikimwambia baba watoto nina hela, kesho hela haipo." Hofu hiyo ina sababu, na hatutaidharau. Wako akina mama waliojiunga na kikundi hiki kwa sababu hiyo hiyo.

Jibu letu ni kwamba kutaja si kukabidhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake sawa na mwanamume. Hisa zako ni zako. Kama nyumbani si salama kutaja kiasi cha akiba, sanduku lipo, kufuli tatu zipo, na akiba itakaa humo. Lakini deni ni jambo jingine. Akiba haimgongei mtu mlango usiku, deni linagonga. Na likigonga halimwulizi aliyekopa peke yake, linachukua sufuria ya wote. Ndiyo maana tunasema akiba inaweza kuwa na faragha yake, lakini deni lisiwe na siri.

Nanyi akina baba mtusikilize kwa wema. Sheria hiyo hiyo inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Baba akichukua hati kimyakimya, anavunja sheria na anaanua paa juu ya watoto wake. Na mama akileta habari ya deni, asipokewe kwa matusi. Mkipokea kwa ukali habari ya deni dogo, hamtaletewa habari ya deni kubwa.

Kwa mama aliye peke yake, mjane au asiye na mume, naye achague mtu mzima mmoja: dada, mama mzazi, au mtoto aliyekwisha kukua. Mtu mmoja ajue.

Januari haiji ghafla

Kila mwaka tunasikia, "Januari imenikuta vibaya." Lakini Januari inajulikana tangu Februari ya mwaka uliotangulia! Ni kweli serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, viatu, madaftari na nauli bado ni juu ya mzazi.

Tuseme mtoto mmoja anahitaji sh. 120,000 mwanzoni mwa mwaka. Kwa mwezi ni sh. 10,000, yaani kama sh. 2,500 kwa wiki. Wenye watoto wawili ni sh. 5,000 kwa wiki. Kwa mama wa genge au wa maandazi fedha hiyo inapatikana ikitengwa kidogo kidogo. Ikitafutwa kwa mkupuo ndipo inapoleta kausha damu. Na mahindi vivyo hivyo. Tununue gunia wakati wa mavuno, tuhifadhi vizuri. Tusisubiri kununua kwa kisado mwanzoni mwa mwaka, bei ikiwa juu.

Tunapendekeza kila nyumba iwe na daftari moja na siku moja ya kukaa, mathalani Jumapili jioni baada ya chakula. Ukurasa uwe na safu tatu: iliyoingia, iliyotoka, tunayodaiwa. Mama lishe akichota unga wa biashara kupikia nyumbani, auandike, maana mtaji unaliwa kijiko kwa kijiko. Baba akinunua muda wa maongezi, auandike. Nusu saa inatosha.

Watoto wanasikia

Watoto wakae karibu. Wengine husema mambo ya hela si ya watoto. Lakini tukumbuke ni nani tunayemtuma mlangoni mkopeshaji anapobisha: "Mwambie mama hayupo." Mtoto huyo tayari tumemwingiza katika deni letu, tena kwa kumfundisha uongo. Afadhali tumwingize kwa ukweli.

Si lazima ajue kila kitu. Mtoto wa miaka saba ahesabu chenji ya dukani na kuileta yote. Wa miaka kumi aende nasi sokoni aone bei ya leo na ya wiki iliyopita. Wa miaka kumi na tatu aandike lile daftari la nyumbani. Na tukimnyima kitu, tusiseme "hakuna hela" wakati ameiona. Tumwambie: "Hela hii ni ya sare yako ya Januari." Hapo anajifunza kwamba fedha ina kazi kabla haijatumika. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa aliyekwisha kuzama

Mwisho, tunasema na mwenzetu ambaye amekaa hapa na deni moyoni. Leo si siku ya kukuaibisha. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, hata yale madogo. Usikope tena kulipa deni. Anza na lile lenye riba kali. Kama kuna kitu cha kuuza, kiuze mwenyewe kwa bei yake kabla hakijabebwa kwa bei ya kutupa. Na uje kwa viongozi wa kikundi kabla ya tarehe ya marejesho, si baada yake. Kwa ugonjwa na msiba, mfuko wa jamii tuliuanzisha kwa ajili hiyo. Na jioni ya leo, mweleze mtu mmoja nyumbani.

Tunaiomba kamati kuu ilete pendekezo hili katika mkutano ujao: kila fomu ya mkopo iwe na mstari wa mtu mzima wa nyumbani kwa mkopaji kuweka sahihi kwamba anajua. Hatusemi kwamba ameruhusu. Kwamba anajua, basi.

Ndugu zetu, sanduku limetufundisha kuhesabu mbele za watu kwa miaka kumi. Miaka kumi ijayo tukahesabu hivyo hivyo nyumbani.