GARI PEKE YAKE HALIPONYI MTU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Kitengela)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mhudumu wa tiba ya dharura, yaani yule ajaye na gari la wagonjwa, akamtunza majeruhi mpaka akamfikisha hospitali. Vijana wetu wengi waliomaliza Kidato cha Nne wanaitamani kazi hii, na wazazi wanauliza kama yafaa kulipiwa karo. Nitajibu swali hilo. Lakini jambo hili latuhusu sote, tulio viwandani, katika mashamba ya maua na barabarani.

Tazameni mahali tulipo. Barabara ya Namanga yapita katikati ya mji wetu, yaenda Isinya, Kajiado, mpaka mpakani mwa Tanzania. Malori hupita usiku na mchana, na pikipiki ni nyingi. Toka hapa hata Kajiado, iliko hospitali kuu ya kaunti, ni karibu kilomita 50. Kwa wakaao mbali na lami, mwendo ni mgumu zaidi.

Mtu akiumia, desturi yetu ni moja. Tunamnyanyua kwa mikono na miguu, tunamlaza nyuma ya pikapu, na dereva anakanyaga mafuta. Nia ni njema. Lakini aliyevunjika shingo akinyanyuliwa hivyo aweza kupooza maisha yake yote. Aliyezimia akilazwa chali aweza kuzibwa pumzi na matapishi. Ubongo ukikosa hewa huanza kufa baada ya dakika 4 hadi 6. Je, ni pikapu gani itakayofika Kajiado kwa dakika 6? Ndiyo maana nasema gari peke yake haliponyi mtu. Gari huwa la wagonjwa kwa sababu ya ujuzi wa aliyemo ndani yake.

Basi ujuzi wenyewe ni upi?

Kwanza, kuangalia usalama wa mahali: magari yapitayo, moto, nyaya za umeme, petroli iliyomwagika. Mwokozi akiumia, majeruhi wamekuwa wawili.

Pili, kufuata utaratibu: njia ya hewa, pumzi, kisha damu. Ila damu ikichuruzika kwa nguvu, huzuiwa mara moja kwa kukandamiza jeraha. Moyo ukisimama, kifua cha mtu mzima hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Mikono haijifunzi jambo hili kwa kusoma kitabu. Hujifunza kwa kurudia juu ya sanamu mpaka jasho litoke.

Tatu, kufunga mifupa iliyovunjika na kulinda shingo na mgongo wakati wa kumwinua mtu.

Nne, kujua maradhi na mambo yasiyo ya ajali: uchungu wa kuzaa, pumu, kifafa, sukari iliyoshuka, kuungua, na kuumwa na nyoka. Huku kwetu kuna kifutu na swila. Mhudumu aliyefunzwa hachanji jeraha wala hanyonyi sumu. Humtuliza mgonjwa, hukifunga kiungo kisitikisike, akampeleka upesi penye dawa.

Tano, kusema na kuandika. Yampasa kuuliza vema, hata kwa Kimaasai akiwa kwa wazee wa ndani. Aandike mapigo ya moyo, pumzi, saa na alichofanya, ili daktari apokee mgonjwa pamoja na habari zake.

Kwa hiyo ninyi wazazi, jueni kwamba cheti cha huduma ya kwanza cha siku chache si cheti cha kazi hii. Ni kitu chema, na Msalaba Mwekundu wa Kenya, uliowekwa kwa sheria mwaka 1965, hufundisha huduma hiyo, kama wafanyavyo St John Ambulance. Lakini mhudumu kamili husoma mwili wa binadamu, hupita wodi ya majeruhi, na hupanda gari la wagonjwa chini ya mkubwa wake. Kabla ya kutoa karo, ulizeni mambo matatu: mtihani huu unatambuliwa na nani? Mwanafunzi atapelekwa hospitali gani kufanya mazoezi? Atafanya saa ngapi kwa mikono yake?

Asiseme mtu kwamba kazi hii ni ya wateule. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, daktari Peter Safar alianza kuwafunza watu weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao hawana kazi. Shirika lao liliitwa Freedom House. Walifunzwa kwa saa kama 300, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wenye ujuzi kamili nchini mwao. Lakini mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake, shirika lao likafungwa, na wengi wao wakasukumwa kando. Hapo tunajifunza mawili: mfanya kazi aweza kuupata ujuzi huu, na ujuzi usiolindwa kwa umoja hunyang'anywa.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yahesabu huduma kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya matibabu hayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kila mahali pa kazi pawe na sanduku la huduma ya kwanza. Lakini sanduku lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa meneja aliyekwenda nyumbani, lamfaa nani zamu ya usiku?

Basi naomba tudai haya: kila zamu iwe na mfanya kazi aliyefunzwa; siku za mafunzo zilipwe kama siku za kazi; na kijana wetu atakayesomea kazi hii apate mkataba na mshahara ulingane na ujuzi wake.

Wazee husema ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini kifo kifuatacho ajali mara nyingi kina kinga, nayo ni mtu aliyefunzwa aliye karibu. Tuwapate watu hao kabla ya siku ya kuwahitaji.

Umoja ni nguvu.