Ngao Ndogo za Viumbe: Hotuba juu ya Dawa za Peptidi





Nimepewa heshima ya kusema maneno machache katika siku hii ya ukumbusho wa Jumuiya yetu, nami nimechagua jambo linalogusa kila nyumba: dawa zinazodhoofika mbele ya maradhi, na dawa za namna nyingine zinazotafutwa ili kuzisaidia. Wengi wenu si matabibu, kwa hiyo nitajitahidi kusema kwa lugha nyepesi.

Kwanza yafaa tuujue ukubwa wa jambo lenyewe. Wataalamu wamekadiria ya kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa sugu, hata dawa hazikuwadhuru. Nayo malaria, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, iliua watu wapatao 597,000 katika mwaka 2023, na wengi wao ni watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Klorokwini, ambayo wazee wetu waliitegemea miaka mingi, ilishindwa, ikaja dawa mseto yenye artemisinini ndani yake. Lakini mwaka 2020 ilitangazwa kwamba vimelea vya malaria vyenye alama ya usugu kwa artemisinini vimeonekana Rwanda; na mwaka 2021 habari kama hiyo ilitoka hapa kwetu Uganda. Katika wagonjwa 240 wa upande wa kaskazini waliotibiwa kwa sindano ya dawa hiyo baina ya mwaka 2017 na 2019, wagonjwa 14 walionekana vimelea vyao vikiondoka damuni polepole kuliko kawaida. Dawa mseto ingali inaponya, wala mtu asije akaiacha kwa maneno yangu. Walakini mwenye busara hangoji paa lianguke ndipo atafute miti.

Basi, peptidi ni kitu gani? Mfano wake ni tasbihi. Miili ya viumbe vyote imejengwa kwa protini, na kila protini ni mfano wa uzi mrefu uliotungwa shanga. Shanga hizo huitwa asidi amino, na aina zake zilizo za kawaida ni ishirini. Uzi ukiwa mfupi, wenye shanga chache au makumi machache tu, huitwa peptidi. Viumbe vingi hujitengenezea peptidi za kujilinda na vijidudu: wadudu, vyura, mimea, hata mwanadamu katika ngozi yake, matumbo yake na chembe nyeupe za damu yake.

Namna zinavyofanya kazi ni hii. Kila bakteria amezungukwa na utando mwembamba, na uso wa utando huo una umeme hasi. Peptidi nyingi za kujilinda zina umeme chanya, na vitu hivyo viwili huvutana. Peptidi hujibandika juu ya utando, hujipenyeza, na kuutoboa. Vilivyomo ndani huvuja, na bakteria hufa. Utando wa nje wa chembe zetu wenyewe hauna umeme hasi wa namna hiyo, na kwa hiyo aghalabu huachwa salama.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1939 Bwana René Dubos, huko Marekani, alipata gramisidini kutoka kwa bakteria wa udongoni. Ilikuwa kali mno kuingizwa damuni, ikawa ya kupakwa juu ya vidonda tu. Mwaka 1942, wakati wa vita, wataalamu wa Moscow walipata ndugu yake, gramisidini S, ikatumiwa kutibia majeraha ya askari. Mwaka 1987 Daktari Michael Zasloff wa Marekani alistaajabu kuona vyura wake wa maabara, wa jinsi ya chura wa Afrika mwenye kucha, wakipona mikato ya upasuaji bila usaha, ilhali walirudishwa katika maji yasiyo safi. Akachunguza ngozi zao, akakuta peptidi zenye shanga 23, akaziita magainini, jina alilolitoa katika neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Hapa najua baadhi yenu mtauliza. Masheikh waliomo humu wanaijua hadithi iliyomo katika Sunan Abu Dawud, juu ya tabibu aliyeuliza habari ya kumtia chura katika dawa, akakatazwa kumwua. Mimi si mtu wa kutoa hukumu ya sheria mbele ya wenye elimu yake. Naweza kusema la upande wangu tu: mpango wa shanga ukisha kujulikana, peptidi huundwa maabarani kwa kemia, shanga moja baada ya nyingine, na hapana haja ya kumwua chura ili kuipata dawa.

Ikiwa silaha hizi ni nzuri hivyo, mbona hazikujaa katika maduka ya dawa? Sababu ziko kadha wa kadha. Kwanza, tumbo halijui tofauti ya peptidi na kipande cha nyama. Huikatakata na kuimeng'enya, na kwa hiyo nyingi hazifai kuwa vidonge, sharti sindano au dripu. Pili, hata damuni vimo vimeng'enya vinavyozikata upesi. Tatu, baadhi yake zikizidi huumiza figo au hupasua chembe nyekundu za damu. Nne, kuziunda ni ghali. Dawa iliyotokana na magainini ilijaribiwa kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, lakini mwaka 1999 wakuu wa dawa wa Marekani hawakuipitisha, kwa kuwa haikuthibitika kuwa bora kuliko zilizokuwapo.

Hata hivyo wataalamu hawakukata tamaa. Wengine huunganisha ncha mbili za uzi ili uwe duara, usipate pa kukatwa. Wengine hutumia shanga zilizopinduliwa kama sura katika kioo, ambazo vimeng'enya havizitambui. Wengine huongeza mkia wa mafuta. Daptomisini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2003, ni peptidi ya mviringo yenye mkia kama huo, na imeokoa wengi wenye bakteria sugu katika damu. Mwaka 2024 watafiti walieleza peptidi nyingine ya mviringo, zosurabalpini, inayomzuia bakteria Acinetobacter, adui mkubwa wa wagonjwa mahututi hospitalini, asiweze kujenga ukuta wake wa nje.

Ama malaria, kazi yake ni ngumu zaidi, kwa maana kimelea hujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu. Dawa lazima imfikie adui bila kuibomoa nyumba ya mwenye nyumba. Lakini kimelea kikiingia katika chembe huubadilisha utando wake, na badiliko hilo ni alama ambayo peptidi nyingine huweza kuitambua. Mwaka 2012 ilielezwa ya kuwa chembe sahani zetu, zile zinazogandisha damu, zina protini iitwayo PF4, ambayo huingia katika chembe iliyoshambuliwa na kupasua mfuko ambamo kimelea humeng'enyea chakula chake. Wataalamu wakaanza kuiga umbo la silaha hiyo kwa vitu vidogo vilivyo rahisi kuundwa. Tena mwaka 2022 watafiti wa Imperial College, London, walieleza kwamba wamewabadilisha mbu wa maabara ili matumbo yao yatoe peptidi mbili, moja ya chura na moja ya sumu ya nyuki. Vimelea vikachelewa kukua ndani yao, na mbu wenyewe wakafa mapema. Yote hayo ni matumaini yaliyo maabarani. Peptidi ya kumtibu mgonjwa wa malaria haijafika hospitalini kwetu.

Sasa nafikia neno nililolikusudia. Watu hudhani kwamba dawa mpya ikija tutaokoka, hata tukiziharibu za zamani. Tutazame habari ya kolistini. Hii nayo ni peptidi, iliyopatikana Japani karibu na mwaka 1950. Kwa kuwa huumiza figo iliwekwa kando, kisha ikarudishwa dawa nyingine zilipoanza kushindwa, ikawa tegemeo la mwisho la wagonjwa. Lakini katika nchi nyingi ilikuwa ikitiwa katika chakula cha mifugo ili wanenepe. Mwaka 2015 wataalamu wa China wakatangaza kwamba wameona, katika nguruwe, katika nyama na katika wagonjwa, bakteria wenye chembe ya urithi inayopunguza umeme hasi wa utando, hata kolistini haipati pa kujibandika. Mbaya zaidi, bakteria huweza kupeana chembe hiyo wao kwa wao. China iliacha kuitumia kolistini kunenepesha mifugo mwaka 2017, lakini usugu ulikuwa umekwisha kuenea katika nchi nyingi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hata ngao hii ya viumbe hutobolewa ikitumiwa ovyo. Dawa mpya huchukua miaka mingi kufika, na zilizopo ndizo zitakazomlinda mtoto atakayeugua usiku huu. Mtoto akipata homa, apimwe kwanza kabla ya kununuliwa dawa. Mgonjwa akipewa dozi aimalize, asiweke nusu ya vidonge kwa ajili ya jirani. Mfugaji wa kuku asitie dawa katika maji ya kuku wazima kwa kudhani anawakinga. Amwulize kwanza daktari wa mifugo. Chandarua kitumike, na mikono ioshwe, kwa kuwa ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa. Na vijana wetu wenye akili ya hesabu na kemia tuwasomeshe sayansi, wavulana kwa wasichana, maana maradhi haya yako kwetu, wala si vyema kazi ya kuyatafutia dawa tuwaachie watu wa mbali peke yao.

Jumuiya hii ilianzishwa na watu waliotoa kidogo walichokuwa nacho kwa faida ya watakaokuja baada yao. Kuzihifadhi dawa ni sadaka ya namna hiyo hiyo: faida yake itamfikia mtoto ambaye hatutamjua jina.