Uwanja wa Uhuru na Wajibu Wetu Mlangoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



 Nimetakiwa niseme juu ya Uwanja wa Uhuru na jinsi ulivyoingia katika maisha yetu sisi watu wa Kariakoo na Mnazi Mmoja. Huenda mmoja wenu akauliza: Uwanja uko upande wa Chang'ombe, Kariakoo yahusikaje? Nami namjibu kwamba uwanja si mali ya mahali uliposimama tu. Ni mali pia ya mitaa watokayo watu wake.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Watumishi wa Serikali Waafrika walipounda chama chao kule Tanga mwaka 1922, kwa uongozi wa Martin Kayamba, hawakufikiri habari za mshahara peke yake. Walitaka pia mahali pa kukutana, kusoma na kucheza. Hapa Dar es Salaam klabu ya Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata wengine wakajitenga wakaunda klabu yao, ambayo baada ya kubadili jina mara kadhaa iliitwa Simba mwaka 1971. Klabu zote mbili zina makao yao katika eneo letu: Simba Mtaa wa Msimbazi, Yanga kule Jangwani. Siku ya mechi mtu hahitaji kuuliza ni siku gani. Atazame tu rangi za nguo sokoni, nyekundu upande huu, kijani na manjano upande ule, na asikilize utani wa wauzaji. Mwaka 1968 Yanga ilishinda kwa mabao matano bila jibu, na mwaka 1977 Simba ikalipa kwa sita. Wako watu ambao hawakuwa wamezaliwa miaka ile, lakini hesabu hizo wanazijua kuliko hesabu za mifuko yao.

Sasa nije kwenye Uwanja wenyewe. Ulianza kwa jina la Uwanja wa Taifa, nao ulifunguliwa mwaka 1961. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba mwaka huo, bendera ya Uingereza iliteremshwa pale, na bendera ya Tanganyika ikapandishwa, mbele ya Mwalimu Nyerere na Prince Philip aliyekuja kwa niaba ya Malkia. Kwa hiyo kabla ya kuwa mahali pa mabao, Uwanja ule ulikuwa mahali ambapo taifa lilijitazama lenyewe kwa mara ya kwanza. Karani na mchukuzi, mwenye duka na mwuza samaki, wote walikuwa chini ya anga moja.

Tangu hapo Uwanja umepokea furaha yetu na huzuni yetu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ugenini Abidjan, kisha ikafungwa mabao mawili hapa nyumbani na Stella, na mji ukalala kimya. Mwezi wa Oktoba 1999 mwili wa Mwalimu uliwekwa pale, na watu wakapita kumwaga kabla hajapelekwa Butiama. Mwaka 2007 ulifunguliwa uwanja mpya jirani yake, wenye nafasi za watu wapatao 60,000, ambao tangu 2020 waitwa kwa jina la Benjamin Mkapa. Ule wa zamani ukapewa jina la Uhuru.

Mabwana na Mabibi, hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Tarehe 21 Machi 2021 watu walimiminika katika Uwanja wa Uhuru kumwaga Rais Magufuli. Wengi walitaka kuingia kwa wakati mmoja, wengine kwa kupanda ukuta. Watu wakasongamana, wakaanguka, wakakanyagana. Polisi walitangaza kwamba waliokufa walikuwa 45. Hawakwenda vitani, walikwenda kutoa heshima.

Tusiseme kwamba hayo ni ya Polisi na wakubwa peke yao. Nitaungama jambo langu mwenyewe. Zamani kidogo, katika uwanja mmoja, nilifika nimechelewa, sina tikiti. Mlangoni palikuwa na mtu tuliyefahamiana. Akanivuta mkono, nikapita, na nyuma yangu wakapita wengine waliosema kwamba wako pamoja nami. Siku ile nilijiona mtu mwenye bahati. Leo najua kwamba niliiba nafasi ya mtu, tena niliharibu hesabu. Na sisi makarani twajua kuliko wote: hesabu ikiharibika mlangoni, haiwezi kutengenezwa ndani. Kitabu kikikosewa chaweza kufutwa na kuandikwa upya, lakini mtoto aliyekanyagwa hafutwi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aingie kwa tikiti yake na kwa zamu yake, wala asitumie cheo chake au ujamaa wake kupita mlango. Pili, siku ya msongamano mkubwa tusiwapeleke watoto wadogo katikati ya watu. Heshima yaweza kutolewa hata nyumbani. Tatu, wale miongoni mwetu ambao kazi yao ni kupanga shughuli za umma, wahesabu milango kabla ya kuhesabu viti. Uwanja wenye viti vingi na njia chache ni mtego.

Wazee walisema, haraka haraka haina baraka. Twasema neno hilo kila siku sokoni. Tulichukue pia hadi uwanjani. Uwanja ule tuliupata pamoja na Uhuru, na uhuru usio na utaratibu humwumiza kwanza aliye dhaifu. Tukiulinda mlango, tumemlinda jirani yetu, awe wa Msimbazi au wa Jangwani.